Harusi ya Kimemi na wimbo wa Mopao

Duka langu liko hapa komini ya Kimemi, mjini Butembo. Ni chumba cha mbao, hatua nne kwa tatu. Nilianza mwaka 1998 nikidabu kaseti kwa jenereta ndogo ya Tiger. Siku hizi ninajaza nyimbo kwenye kadi za simu na flashi, na Jumamosi ninapiga muziki wa harusi. Kwa miaka yote hiyo hakuna mwanamuziki aliyenilisha kuliko Koffi Olomide. Watoto wangu wawili wa kwanza, karo yao ya sekondari ilitoka kwenye sauti yake.

Kiangazi kilichopita, msimu wa harusi, binti mmoja aliniletea orodha ya nyimbo zake kwenye karatasi ya daftari. Franco alikuwemo, Mbilia Bel alikuwemo, nyimbo za kanisa, na vijana wa leo wengi. Chini kabisa aliandika kwa kalamu nyekundu na kupiga mstari: «Hapana Koffi.» Siku mbili baadaye akaja baba mkubwa wa bwana harusi, mzee wa biashara ya kahawa, akaniwekea dola 20 juu ya meza. «Mwanangu, maharusi wakiwa wanaingia, unipigie Mopao. Bila Mopao hiyo si harusi, ni mkutano.» Mopao ni jina la sifa la Koffi huyohuyo.

Ijumaa walikutana dukani kwangu bila kupanga. Binti alimsalimu mzee kwa heshima yote, kisha akamwambia: «Papa, unisamehe. Yule ni mbakaji, mahakama ilisema. Jina lake sitaki kulisikia siku yangu.» Mzee akajibu kwa upole, maana anampenda mkwe wake: «Mama, ulidanganywa. Kesi alishinda. Wafaransa walimtafuta miaka na miaka, wakashindwa.» Wote wawili wakanigeukia mimi. Mimi ndiye mtu wa Koffi katika mtaa huu. Nikakosa jibu. Nimeuza nyimbo zake zaidi ya miaka 20, ninajua gita linaingia sekunde ya ngapi, lakini kesi yake niliijua kwa uvumi tu, kama wao.

Niliona haya. Usiku ule nikafungua ukurasa mpya kwenye daftari langu la hesabu, nikaanza kutafuta na kuandika. Haya ninayoeleza hapa yametoka kwenye ukurasa ule.

Kwanza msomaji kijana aelewe tunamzungumzia nani. Koffi, jina lake la kuzaliwa Antoine Christophe Agbepa Mumba, alizaliwa Kisangani mwaka 1956, na sisi watu wa mashariki tulijivuna naye kwa hilo hata kama maisha yake yote yalikuwa Kinshasa na Paris. Alisoma Ufaransa. Miaka ya mwisho ya 1970 alikuwa anamtungia Papa Wemba nyimbo, na mwaka 1986 akaanzisha orkestra yake, Quartier Latin. Hakuwa na sauti ya juu kama wenzake. Sauti yake ni nzito, inanong'ona karibu na sikio, kama mtu anayezungumza na wewe peke yako usiku. Mtindo huo wa polepole akauita Tcha Tcho. Ustadi wake mwingine ulikuwa kuchagua watu: alijua sauti ipi imbebe wapi, gita lipi limfuate, na saa gani aache rumba itulie kabla ya seben, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, kulipuka. Fally Ipupa aliingia kwake mwaka 1999 akatoka 2006. Ferre Gola alipita pale, Bouro Mpela, Sam Tshintu, na baadaye Cindy Le Coeur. Orkestra ile ilikuwa shule.

Tarehe 19 Februari 2000 alijaza ukumbi wa Bercy mjini Paris. Mwaka 2001 akatoa Effrakata, na mwaka uliofuata akachukua tuzo nne za Kora kwa mpigo. Mwaka ule wa Effrakata sisi hapa Butembo tulikuwa upande wa waasi wa RCD-K/ML, askari wa Uganda wanapita barabarani, na Kinshasa ilikuwa kama nchi nyingine. Barua hazikufika. Ndege hazikufika. Koffi alifika. Kaseti yangu ya kwanza ya Effrakata ilitoka Kampala, ikavuka mpaka wa Kasindi katikati ya mzigo wa vitenge, na mwenye mzigo alinikopesha usiku mmoja tu. Niliidabu hadi alfajiri, mashine mbili, kaseti tupu baada ya kaseti tupu. Saa tisa ya usiku mkanda ukakatika. Nikautoa kwa ncha ya kalamu, nikakata pande zote mbili kwa wembe mpya ili zilingane, nikaunga kwa skochi nyembamba kuliko ukucha, nikarudisha nikizungusha taratibu kwa kalamu ileile. Mpaka leo, katika nakala zote zilizotoka dukani kwangu mwaka ule, kuna mahali sauti inaruka kidogo. Wateja wangu wa zamani wanapaimba hivyohivyo, na mruko wake. Ninaeleza hilo ili ijulikane kwamba ninaposema juu ya mtu huyu, simsemi kwa mbali.

Sasa ukurasa wa daftari.

Agosti 2012, Kinshasa: mahakama ilimpata na hatia ya kumpiga produsa wake mwenyewe katika ugomvi wa pesa. Akapewa miezi mitatu ya sursis, yaani hukumu imesimama lakini gereza linangoja, asipolirudia kosa hatalala ndani.

Tarehe 22 Julai 2016, Nairobi, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta: ametua tu na kundi lake, akampiga teke mmoja wa wacheza dansi wake wa kike, mbele ya kamera na mbele ya polisi. Siku iliyofuata Kenya ikamrudisha kwao na tamasha likafutwa. Kinshasa nayo ikamkamata, akalala siku chache katika gereza la Makala, akaachiwa. Kwanza alisema alikuwa anamkinga msichana huyo. Baadaye aliomba msamaha hadharani.

Ile video niliiona palepale dukani, kwenye simu ya mteja. Vijana watano walikuwa wameinama juu ya kioo, na walicheka. Sikuwakemea. Nikawajazia nyimbo zao, nikapokea pesa yangu. Hilo nalo nimeliandika kwenye ukurasa.

Kesi ya Ufaransa ndiyo ndefu, na ndiyo inayochanganya watu. Wanawake wanne waliokuwa wacheza dansi wake walieleza kwamba kati ya mwaka 2002 na 2006, kila walipoletwa Ufaransa kwa matamasha na kurekodi, waliwekwa katika nyumba moja huko Asnières, karibu na Paris, chini ya ulinzi wa watu wake. Hawakuruhusiwa kutoka bila ruhusa, hawakuwa na simu, na yeye aliwalazimisha kingono. Mwaka 2006 walitoroka. Yeye amekana yote tangu siku ya kwanza.

Machi 2019 mahakama ya Nanterre ilitoa hukumu, yeye mwenyewe akiwa hayupo: miaka miwili ya sursis kwa kosa la kingono dhidi ya mmoja wao, aliyekuwa na umri wa miaka 15 wakati ule. Hapo ndipo neno la binti yetu lilipotoka. Kesi ikaenda rufaa Versailles, na safari hii Koffi alifika mahakamani, Oktoba 2021. Tarehe 13 Desemba 2021 majaji wa rufaa wakatoa uamuzi wao. Kwa makosa ya kingono wakamwachia. Hapo ndipo neno la mzee wetu lilipotoka. Lakini majaji walewale, siku ileile, wakampata na hatia ya kuwafungia wanawake wale wanne, kwa Kifaransa séquestration, wakampa miezi 18 ya sursis.

Kwa hiyo mtu asiseme mahakama ya rufaa ilimwita mbakaji, maana haikumwita hivyo. Wala asiseme alishinda. Mtu aliyeshinda hapewi miezi 18.

Kuna jambo la tarehe ambalo lilinikosesha usingizi. Siku moja baada ya hukumu hiyo, tarehe 14 Desemba 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika urithi wa binadamu wote. Ninaikumbuka siku ile. Tulikuwa chini ya utawala wa kijeshi uliotangazwa Mei, jeshi la Uganda lilikuwa limeingia upya wiki mbili kabla kuwafuata waasi wa ADF, watu wana hofu, na ghafla redio ikatupa habari ya furaha. Nilitoa spika nje ya mlango. Nilipiga Koffi, mchana kutwa. Habari ya jana yake sikuisikia, au niliisikia ikapita sikio la pili. Mtaa mzima ulicheza rumba, na wanawake wanne walikuwa wameaminiwa na mahakama juu ya kufungiwa kwao saa chache tu zilizopita baada ya kungoja miaka 15.

Neno séquestration ndilo mashabiki tunaloliruka. Tunagombana juu ya ubakaji, alifanya, hakufanya, na tunalipita lile lililosimama. Nimewasikia watu wazima wakisema: wasichana wale walikuwa wanapanda jukwaani, wanacheka, wanacheza, mbona hawakukimbia? Swali hilo mimi nimelisikia mahali pengine. Hapa kwetu, Beni na vijiji vyake, wasichana wamechukuliwa msituni na wenye silaha, na waliorudi waliulizwa na majirani zao wenyewe: mbona hukukimbia, mbona ulikuwa unawapikia? Msitu wa Beni sio nyumba ya Asnières, na aliyetoroka panga hawezi kulinganishwa na aliyetoroka mlango uliofungwa. Lakini swali la jirani ni lilelile, na sisi ndio tungetakiwa kuwa wa kwanza kuliona ubaya wake. Mtu aliyefungiwa na mwenye nguvu hucheza akiambiwa acheze. Hutabasamu akiambiwa atabasamu.

Na nguvu ya bosi wa orkestra watu hawaijui vizuri, kwa hiyo nieleze kidogo. Msichana wa Kinshasa anayetaka kucheza hana wakala, hana mkataba, na mara nyingi hana hata mshahara wa kudumu. Ana bosi. Bosi anaamua nani yuko kwenye orodha ya safari, na kwa wengi mikili, Ulaya, ndiyo ndoto yote. Viza inaombwa kwa jina la orkestra. Nguo ni za orkestra, chakula ni cha orkestra, na ukifukuzwa katikati ya Paris huna pa kulala. Mlango wa viza ulikuwa mali kubwa kiasi kwamba wengine waliuuza. Papa Wemba, mwalimu wa Koffi mwenyewe, alikamatwa Ufaransa Februari 2003 kwa kuingiza watu waliojifanya wanamuziki, wale tuliowaita ngulu, na Novemba 2004 akahukumiwa miezi 30, mingi yake ya sursis. Tulimsamehe haraka. Alipofia jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, Kimemi nzima ililia, na mimi nililia. Sioni vibaya kumlilia. Ngulu alilipa pesa yake akijua anachonunua. Waliofungiwa Asnières hawakununua kitu.

Nguvu hiyo ya bosi ni sisi tunaoilisha. Mnajua mabanga: mwenye pesa anamlipa mwanamuziki ili jina lake litajwe katikati ya wimbo. Wafanyabiashara wanajivunia jina kutajwa kuliko kujenga ghorofa. Mimi sikuwa na pesa za mabanga, lakini nilifanya kazi hiyo bure. Katika kila harusi nilishika maikrofoni nikapiga kelele: Mopao! Neno lenyewe maana yake ni bosi. Mwaka baada ya mwaka nimewafundisha watoto waliosimama mbele ya spika kumshangilia bosi, na wale waliokuwa wanapiga gita, wanaoitikia, wanaotoa jasho nyuma yake, sikuwataja hata mmoja.

Asubuhi ya Jumamosi, kabla ya kufunga vyombo kwenye pikipiki, nilimwita mzee na binti, nikawasomea ukurasa. Nilisoma polepole, tarehe kwa tarehe. Binti alinisimamisha kwenye Desemba 2021, akataka nirudie. Nikarudia. Akasema: «Basi lile neno nililisema vibaya. Lakini kwa wimbo, jibu langu ni lilelile.» Mzee alikaa kimya muda mrefu, kofia magotini. Kisha akauliza: «Na wale wanne, mmoja alikuwa wa miaka 15?» Nikamjibu ndivyo. Akasema: «Huyu mtoto wangu wa mwisho ana 15.» Hakuongeza.

Nilimrudishia dola zake 20. Maharusi waliingia kwa Mbilia Bel, mzee akiwa mbele akicheza na mkwe wake, na hakuna aliyeuliza Mopao yuko wapi. Obundu, yaani ugali wetu, ilitosha, soda zilitosha, mvua haikunyesha. Ilikuwa harusi nzuri.

Wiki mbili baadaye mzee alirudi dukani peke yake na simu yake. Alitaka Effrakata. Nilimpa, na sikumdai maelezo. Wimbo aliomposea mke wake hawezi mtu kumnyang'anya, na mimi siwezi kujinyang'anya ule usiku wa mwaka 2001. Wapo rafiki zangu wapigaji muziki ambao wamemfuta kabisa, na ninawaheshimu. Wapo wanaosema kazi ni kazi, mtu ni mtu, viache viwili vitengane. Hao siwaamini. Katika muziki huu haviachani: wachezaji wale wako ndani ya klipu tulizouza, nyayo zao ndizo zilizotufundisha kucheza. Ukisema kazi ibaki, basi na wao wabaki, pamoja na yale waliyoyasema na mahakama ikayakubali.

Kwa upande wangu nimebadilisha mambo matatu. Kwenye kompyuta yangu hakuna tena faili linaloitwa Mopao. Linaitwa Quartier Latin, na ndani yake nimeandika majina ya waimbaji na wapiga gita kila ninapoyajua kwa hakika: huyu ndiye Fally, huyu ndiye Bouro, gita hili ni la Beniko Popolipo. Klipu za wacheza dansi wa miaka ile, 2002 hadi 2006, siziuzi tena na sizionyeshi kwenye televisheni ya duka, kwa sababu sijui ni nani kati yao aliyekuwa anarudi kwenye mlango uliofungwa baada ya kamera kuzimwa. Na jina lile silipigii kelele kwenye maikrofoni.

Biashara imepungua kidogo. Kuna vijana wananiita mchungaji. Kuna akina mama wawili, wateja wapya, walionitafuta kwa sababu hiyohiyo, na mmoja ameniambia bintiye anacheza katika kundi la dansi la mtaa, akaniuliza afanye nini. Nilimwambia asimkataze kucheza. Ahakikishe karatasi za mtoto zinakaa kwake nyumbani, simu inakaa mkononi mwa mtoto, na siku ya safari mama mwenyewe ajue nyumba watakayolala na nani ana ufunguo. Sheria yetu ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya jeuri ya kingono inamlinda mtoto hadi miaka 18, awe nyota anayemtaka au mtu wa kawaida. Mzazi mwenye binti katika orkestra, kwaya au kundi lolote aijue sheria hiyo, na aulize maswali hayo bila kuona aibu.

Ukurasa ule nimeukata kwenye daftari, nimeubandika ukutani kwa skochi, juu ya mashine za zamani za kaseti. Ukija Kimemi kutaka nyimbo za Koffi Olomide, nitakujazia. Lakini usome ukutani kwanza, wakati kadi inajaa. Ni dakika mbili.